Mgeni njoo, mwenyeji apone: Hoteli Zanzibar zauza upepo, wenyeji wabaki na joto

WAHENGA walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mji wa Zanzibar msemo huo umepata maana ambayo wahenga wenyewe huenda hawakuitarajia, kwa kuwa mgeni amekuja, amelala vizuri na amelipa, ilhali mwenyeji aliyemkaribisha bado anageuka kitandani usiku kucha kwa joto.

Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa visiwa hivyo vilipokea wageni zaidi ya 600,000 katika mwaka 2023. Pamoja na bahari na mchanga mweupe, kitu kikubwa wanachouziwa wageni hao ni nyumba. Wanauziwa ukuta mnene wa chokaa, kitanda cha samadari, ua wenye kivuli, dirisha refu la mbao na utulivu ambao hawaupati katika miji yao.

Katika lugha ya wasanifu wa leo, hayo yote hukusanywa chini ya jina moja: usanifu wa ndani unaojali afya na ustawi wa mtu. Maana yake ni chumba kinachomwezesha binadamu kupumua, kulala na kupumzika bila kutegemea mashine kila saa.

Jambo la kutafakari ni kwamba elimu hiyo haikuja na ndege za watalii. Ilikuwapo katika majumba ya mwambao wa Afrika Mashariki kwa karne kadhaa. Swali linalopaswa kuulizwa sasa ni kwa nini imekuwa bidhaa ya hoteli, huku nyumba za wenyeji zinazojengwa kila siku zikizidi kuiacha.

Nyumba iliyojua kupumua

Ili kuelewa kilichopotea, ni muhimu kwanza kuelewa kilichokuwapo. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, Lamu au Pate ilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na kuta zake mara nyingi zilifikia unene wa nusu mita au zaidi. Ukuta wa namna hiyo hupokea joto polepole. Jua la mchana linapougonga, huchukua saa nyingi kabla joto halijafika upande wa ndani.

Chokaa nayo ilikuwa na kazi yake. Tofauti na saruji, huruhusu unyevunyevu kuingia na kutoka, hivyo ukuta hukauka wenyewe baada ya masika. Weupe wake ulirudisha mwanga wa jua nje, na ndani ulisambaza mwanga mdogo wa dirishani hadi ukafika kwenye pembe za chumba.

Dari zilibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kiasi cha mita 2.5 hadi 3, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba na virefu. Lakini dari ilipandishwa juu sana, ili hewa ya moto ipande na kumwacha mtu aliyeketi chini katika hewa iliyopoa.

Katikati ya nyumba palikuwa na ua, ambao watu wa Lamu huuita kiwanda. Hewa ya joto ilipanda kupitia uwazi huo na kuvuta hewa baridi kutoka kwenye vichochoro, ambavyo wembamba wake huvifanya viwe na kivuli karibu mchana kutwa. Kwa maneno mengine, nyumba na kichochoro vilifanya kazi kama mashine moja isiyotumia umeme.

Lamu walikwenda mbali zaidi katika kupanga faragha. Mgeni alipokelewa kwenye daka, nje ya mlango. Ndani, misana ilifuatana, kila mmoja ukiwa wa faragha zaidi kuliko uliotangulia, hadi kufikia chumba cha ndani kabisa chenye zidaka, yale mashubaka madogo ya ukutani yaliyonakshiwa kwa chokaa na kuwekwa vyombo vya kaure. Katika birika la maji ya kuogea na kutawadha waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Huo ulikuwa mpango wa afya ya jamii uliokuwa ndani ya nyumba, kabla ya kuwapo idara yoyote ya afya.

Hata hivyo, si haki kuipamba historia kupita kiasi. Majumba hayo yalikuwa ya matajiri. Wengi wa waliochimba mawe, kuchoma chokaa na kubeba boriti hawakulala ndani yake, na sehemu ya utajiri uliyoyajenga Zanzibar ilitokana na karafuu zilizochumwa na watumwa. Mtu wa kawaida aliishi katika nyumba ya udongo na makuti upande wa Ng'ambo. Vyumba vingine vya majumba hayo vilikuwa na giza, na faragha iliyosifiwa ilikuwa pia njia ya kuwafungia wanawake ndani.

Kwa hiyo hoja si kurudi katika karne ya 19. Hoja ni kwamba maarifa ya kupoza nyumba bila gharama ya umeme yalikwisha kupatikana, yalijaribiwa katika hali ya hewa hii hii, na bado yanafanya kazi.

Kutoka jumba la tajiri hadi hoteli

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, majumba mengi ya Mji Mkongwe yalitaifishwa. Familia kadhaa ziliwekwa katika jumba lililojengwa kwa ajili ya familia moja. Mengine yalibaki chini ya wakfu. Kodi zilikuwa ndogo, na kwa sababu hiyo fedha za matengenezo zilikuwa ndogo vilevile. Mvua iliingia kupitia paa, ikaozesha ncha za boriti, na nyumba zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mwaka 2000 mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Katika kipindi hicho hicho, milango ya uwekezaji wa utalii ilikuwa imefunguliwa, na wawekezaji waliona kwamba jumba bovu linaweza kuwa mgodi.

Jengo la Tembo, ambalo katika karne ya 19 lilipata kuwa ubalozi mdogo wa Marekani, likawa hoteli. Jengo la zamani la mawasiliano ya simu pale Shangani likawa hoteli ya Serena. Mmarekani Emerson Skeens, aliyefariki dunia mwaka 2014, aliyageuza majumba ya kale kuwa hoteli ndogo zenye mgahawa juu ya paa, na mtindo wake ukaigwa na wengi.

Uamuzi uliozua mjadala mkubwa kuliko yote ni ule wa jengo la Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19 lililoko ufukweni Shangani ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na ofisi za serikali. Lilikabidhiwa kwa mwekezaji, likaunganishwa na jengo jipya pembeni yake, na mwaka 2015 likafunguliwa kuwa hoteli ya Park Hyatt. Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake kuhusu ujenzi huo na athari zake kwa hadhi ya mji.

Waliounga mkono walisema kwamba bila mwekezaji jengo lingeanguka. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Itakumbukwa kuwa tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati likifanyiwa ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo hilo halikuwa hoteli. Lilikuwa makumbusho ya umma, na lilikuwa limesubiri fedha za matengenezo kwa muda mrefu.

Kwa hiyo utalii umeokoa baadhi ya kuta. Hilo likubaliwe. Linalobaki ni kuuliza umeziokoa kwa ajili ya nani, na kama kilichookolewa ni nyumba au ni sura ya nyumba tu.

Pambo likibaki bila kazi

Wapo wawekezaji waliorudisha majengo kwa uangalifu, kwa chokaa na mafundi wa jadi. Lakini katika hoteli nyingi mpya, hasa zile za ufukweni na zile za Dar es Salaam zinazotaka sura ya Uswahilini, usanifu wa mwambao umekuwa ngozi inayovishwa mwili wa kigeni.

Ukuta ni wa tofali za saruji, kisha unapakwa rangi ifanane na chokaa. Zidaka zinachongwa kwenye bodi za jipsamu. Boriti zinapachikwa chini ya zege bila kubeba chochote. Dirisha lina mbao za kupishana kwa nje, lakini nyuma yake kuna kioo kisichofunguka, kwa sababu kiyoyozi kinafanya kazi saa 24. Mgeni anapiga picha ya nyumba ya Kiswahili huku akipumua hewa ya friji.

Tatizo la mtindo huo lilionekana waziwazi katika miaka ambayo umeme ulikatika. Mwezi Mei mwaka 2008, hitilafu ya njia ya umeme kutoka Tanzania Bara iliiacha Unguja gizani kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 umeme ulikatika tena, na safari hii giza lilidumu kwa kiasi cha miezi 3, katika kipindi cha kaskazi ambacho joto ndilo huwa kali zaidi mwakani.

Hoteli zenye uwezo ziliwasha majenereta na kuchoma dizeli usiku na mchana. Kwa nyumba zilizojengwa kwa kutegemea kiyoyozi, umeme ulipokatika chumba kiligeuka tanuri. Nyumba yenye dari ndefu, ua na madirisha yanayotazamana ilibaki nyumba. Waya mpya wa chini ya bahari uliozinduliwa mwaka 2013 uliondoa dhiki ile, lakini haukuondoa somo lake.

Somo hilo lina gharama pia. Kila shilingi inayolipia umeme wa kupoza chumba kilichojengwa vibaya ni shilingi isiyokwenda kwenye mshahara wa mhudumu, wala kwa fundi wa kuchonga milango, wala kwa mkulima wa mbogamboga anayeuzia hoteli.

Si kwamba njia nyingine haipo. Katika kisiwa cha Chumbe, umbali mfupi kutoka mjini Unguja, kuna nyumba 7 za wageni zilizofunguliwa mwaka 1998. Zimeezekwa makuti, upande wa mbele hufunguliwa kupokea upepo wa bahari, maji ya mvua huvunwa kutoka paani na kuhifadhiwa chini ya sakafu, umeme ni wa jua na vyoo havitumii maji. Hakuna kiyoyozi. Wageni hulipa bei ya juu kulala humo, na kinachowavuta ni kukosekana kwa mashine.

Wenyeji na paa la bati

Upande wa pili wa mji, hali ni tofauti kabisa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 1.3 Zanzibar. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu milioni 1.9. Watu hao wote wanahitaji pa kulala, na nyumba zinajengwa kwa kasi ambayo hakuna mpango wa mji unaoweza kuifuata.

Nyumba ya kawaida inayojengwa leo Unguja, Mombasa au Dar es Salaam inafahamika kwa kila msomaji. Ukuta ni wa tofali za saruji za inchi 6. Paa ni la bati. Dari ni ya jipsamu iliyoshushwa chini ili ipate urembo wa taa. Dirisha ni la alumini la kuteleza, ambalo kwa umbo lake hufunguka nusu tu. Nje kuna ukuta wa uzio mrefu unaozuia mwizi na upepo kwa pamoja. Ua umesakafiwa wote, na mwembe uliokuwapo umekatwa ili gari lipate pa kuegeshwa.

Nyumba hiyo hupokea joto mchana kupitia bati, hulihifadhi katika zege na tofali, kisha huwarudishia wenyewe usiku wanapotaka kulala. Mwenye uwezo hununua kiyoyozi. Asiye na uwezo hununua feni, na feni huzungusha hewa ile ile ya moto.

Itakuwa makosa kuwalaumu wajenzi hao kwamba wameacha mila. Kila chaguo lao lina sababu. Bati halivuji kama makuti wala halishiki moto. Saruji hupatikana katika kila duka la mtaani, wakati chokaa huhitaji kulowekwa na kusubiriwa, na fundi anayeijua ni wa kutafutwa. Boriti za mikoko zimekuwa adimu, na kwa sababu njema: mikoko ni ukuta wa pwani dhidi ya mawimbi na mahali pa kuzalia samaki. Kenya ilizuia kuuza boriti nje ya nchi tangu mwaka 1982.

Ipo pia sababu ya heshima. Nyumba ya udongo na makuti ilihusishwa na umaskini, na mtu aliyehangaika miaka 10 kujenga hataki nyumba yake ifanane na ile aliyoikimbia. Ni hoteli pekee inayoweza kuezeka makuti na ikaitwa ya kifahari.

Ndani ya Mji Mkongwe kwenyewe, nia njema imeleta madhara mengine. Mpangaji anayeona chokaa inabanduka huita fundi apige plasta ya saruji. Kwa mwaka mmoja ukuta unaonekana imara. Lakini saruji haipumui kama chokaa, hivyo maji yanayopanda kutoka chini au kuingia kupitia nyufa hubaki ndani, mawe hulainika, boriti huoza na kuvu huota ndani ya vyumba vya kulala. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa ukizibwa kwa kitu kisicho chake, ukuta hujengwa vilevile.

Afya haiko kwenye mito na mishumaa

Neno ustawi limegeuzwa kuwa biashara ya mafuta ya kuchua, mito laini na mishumaa yenye harufu. Kwa mwenye nyumba wa Magomeni au Amani, ustawi una maana ya msingi zaidi: usingizi, pumzi, na mtoto asiyeugua kila mwezi.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo kuhusu makazi na afya. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni msongamano wa watu katika chumba, na joto au baridi iliyopita kiasi ndani ya nyumba. Hayo yote huamuliwa na mchoro wa nyumba kabla tofali la kwanza halijapangwa.

Jikoni ndiko kwenye hatari kubwa kuliko zote. WHO inakadiria kuwa moshi wa kupikia ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, lakini gesi huisha na mkaa hurudi. Jiko lenye dirisha la kweli na tundu la kutolea moshi juu hulinda mapafu ya mama kwa mafuta yoyote atakayotumia.

Hapa ndipo inapojitokeza sababu ya kutoiga nyumba ya kale bila kufikiri. Uwazi unaoleta upepo huleta mbu. Nafasi iliyoachwa kati ya ukuta na paa, ambayo babu aliiacha ili hewa ipite, ndiyo njia kuu ya mbu wa malaria kuingia usiku. Zanzibar imefanikiwa kuishusha malaria hadi kiwango cha chini sana, lakini Bara bado inaua, na homa ya dengi iliyoikumba Dar es Salaam mwaka 2019 ilikumbusha kwamba mbu wa mchana naye yupo.

Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kuweka nyavu katika milango na madirisha, au kuziba dari kwa wavu, kulipunguza mbu wa malaria ndani ya nyumba kwa takriban nusu. Watoto wa nyumba hizo walipungukiwa damu kwa kiwango kidogo kuliko wengine.

Mfano wa karibu zaidi uko Magoda, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Huko zilijengwa nyumba 6 za majaribio zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa na kuzuia mbu, baadhi zikiwa za ghorofa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa zilikuwa na ubaridi kuliko nyumba za kawaida za kijiji, na zile za ghorofa zilipunguza mbu kwa zaidi ya asilimia 90, kwa kuwa mbu wa malaria huruka karibu na ardhi. Kazi hiyo iliendelezwa mkoani Mtwara kwa nyumba 110, ili afya ya watoto wanaoishi humo ilinganishwe na ya wenzao.

Ubaridi, hewa na kinga dhidi ya mbu, basi, vinaweza kukaa katika nyumba moja, na nyumba hiyo ikawa ya mwanakijiji.

Yanayowezekana bila mamilioni

Mengi ya yanayohitajika hayana gharama kubwa. Nyumba mpya ikielekezwa upande wake mrefu kaskazini na kusini, jua la asubuhi na jioni hugonga ukuta mfupi, na pepo za kaskazi na kusi hupata njia. Paa likitokeza nje ya ukuta, hukinga dirisha dhidi ya jua na mvua. Bati jeupe hupokea joto kidogo kuliko bati jeusi au jekundu ambalo sasa ndilo fasheni.

Dari ikipandishwa na kuachiwa matundu yenye wavu, joto la bati hutoka kabla ya kushuka chumbani. Dirisha la bawaba hufunguka lote, na likitazamana na jingine upande wa pili, chumba hupata hewa bila feni. Tofali za matundu zilizowekwa juu ya ukuta wa uzio hupitisha upepo bila kumkaribisha mwizi. Mwarobaini mmoja upande wa magharibi hufanya kazi kila jioni bila kuletewa ankara.

Kwa wanaoishi katika nyumba zilizokwisha kujengwa, hatua ya kwanza ni kuweka dari chini ya bati na wavu wa mbu dirishani, kisha kupaka paa rangi nyeupe. Kiyoyozi kiwe hatua ya mwisho. Sasa hivi kwa wengi ndicho cha kwanza.

Lakini mwananchi mmoja mmoja hawezi kubeba yote. Kibali cha ujenzi katika miji mingi ya Afrika Mashariki hukagua mipaka ya kiwanja, nguzo na ada. Ni nadra kwa afisa kuuliza hewa itaingilia wapi na itatokea wapi. Swali hilo moja, likiandikwa katika fomu na kudaiwa jibu kwenye mchoro, lingebadili nyumba nyingi kuliko semina kumi.

Hoteli nazo zina deni. Zinauza maarifa ambayo hazikuyabuni, na mafundi wanaoyajua wanazeeka. Mamlaka inayotoa ruhusa ya kugeuza jumba la kale kuwa hoteli inaweza kuweka sharti kwamba kila ukarabati uwe pia darasa la vijana wa kuchoma chokaa, kupiga nakshi na kutengeneza madirisha ya mbao. Vijana hao wakitoka hapo, watajenga Fuoni na Mwanakwerekwe, hawatasubiri mwekezaji mwingine.

Vilevile, sehemu ya mapato ya utalii ingepaswa kurudi moja kwa moja kwa wapangaji wa majumba ya serikali na ya wakfu yanayovuja, kwa njia ya chokaa na fundi badala ya warsha. Mtalii hupita kichochoroni akitazama ukuta wa nyumba ya mwenyeji, na ukuta huo ni sehemu ya kile alicholipia. Ukianguka, hoteli ya pembeni itabaki na zidaka zake za jipsamu, lakini haitakuwa na mji wa kumwonyesha mgeni.

Jumba la Shangani linaitwa Mambo Msiige, na kwa wapiga rangi na wachonga jipsamu onyo hilo lina maana. Kwa mtu anayechora nyumba yake mwaka huu kwa akiba ya miaka mingi, yapo mambo machache katika majumba yale yanayofaa kuigwa: unene wa kivuli, urefu wa dari, na dirisha linalofunguka lote.